Medali ya Nkambo: ya Kweli ao ya Bongo?



Tangu familia zilipoanza kurudi kutoka kambi za Zambia na za ng'ambo ya ziwa, Tanzania, katika mizigo yao kumetoka vitu vya kila namna: sufuria, karatasi za HCR, picha zilizokunjwa, na mara kwa mara kitu kidogo kilichofungwa ndani ya kitambaa. Ukifungua unakuta medali, ao nyota ya kofia, ao kipande cha nguo chenye maandishi ya jeshi. Na wanunuzi wamesikia. Wanapita wakiuliza, "Muko na vitu vya vita, vya Wabeleji, vya wakati wa Tshombe?" Wengine wanapita wakiuzisha. Karibu kila mkutano kuna mama ao baba anayeuliza kama kile alichonacho njo cha kweli. Komite imeomba tuandike yale yanayojulikana, ili asipatikane mtu wa kutoa kitu cha baba yake kwa bei ya sabuni, wala mtu wa kununua chuma cha juzi kwa bei ya mbuzi.

Kwanza tujue ni vita gani zilipita kwetu, kwa sababu medali ya kweli ina historia ya kweli nyuma yake, na mwongo mara nyingi anaangukia pale pale, kwenye historia.

Vita ya 1914 ilianza kwetu kupitia ziwa. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, ilipiga mizinga kwenye Lukuga, ikaharibu meli ya Wabeleji Alexandre Delcommune. Mwaka uliofuata, 1915, Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou. Zilitoka upande wa Katanga kwa reli, zikavutwa porini kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, zikateremshwa kwenye Lualaba kule Bukama, zikashuka na mto mpaka Kabalo, kisha zikapanda treni mpaka ziwani. Anayejua mto wetu anaelewa maana yake: zilipita hapa Ankoro, mbele ya mahali Luvua inapoingia katika Lualaba. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann. Kisha askari wa Force Publique, chini ya jenerali Tombeur, waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na mwaka 1917 wakafika Mahenge.

Ubeleji ulitoa medali ya kumbukumbu ya kampeni hizo za Afrika: ya fedha kwa Wazungu, ya shaba nyeusi, yaani bronzi, kwa askari Wakongomani. Aliyefika Mahenge aliweza kuongezewa kipande chenye jina hilo juu ya utepe. Kwa hiyo mtu akikuletea medali ya fedha na kusema, "Hii ilikuwa ya nkambo wangu, solda wa kawaida," usimwite mwongo haraka, lakini uliza zaidi. Labda aliipata kwa njia ingine. Labda ni medali ingine kabisa. Na tuseme pia yale ambayo medali haisemi: wabebaji wa mizigo wa vita ile walipita 200,000, wengi wao hawakurudi, na waliorudi wengi hawakupewa hata kifungo. Familia isiyokuwa na medali haina sababu ya kuona haya.

Vita ya pili ilipeleka Force Publique mbali zaidi. Mwaka 1941 walipigana na Waitalia huko Abyssinia, Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai 1941 jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwa Gilliaert pale Saïo. Wengine walikaa Nigeria, kisha Misri na Palestina. Hospitali moja ya Wakongomani ilifuata jeshi la Waingereza mpaka Madagaska na Birmania. Medali za vita hiyo nazo zilikuwa na vipande vya majina ya kampeni. Jina la mahali ni kitu cha kupima: kama nkambo alikuwa muganga msaidizi Birmania na kipande kinasema Abyssinie, uliza zaidi kabla ya kuamini chuma ao mdomo.

Halafu vita za nyumbani. Force Publique iliasi tarehe 5 Julai 1960, na siku chache baadaye ikageuka kuwa Armée Nationale Congolaise, ANC. Tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi, yenye bendera ya misalaba mitatu ya shaba nyekundu, na jandarmeri yake. Sisi watu wa kaskazini hatukuifuata. Balubakat ya Jason Sendwe ilikataa, vijana walichukua silaha, na Januari 1961 Manono ikatoka mikononi mwa Tshombe. Kofia za bluu za ONU zilikuja pia: Novemba 8, 1960, Waairlandi tisa waliuawa Niemba, kwenye njia ya kati ya Kabalo na Albertville. Mwaka 1964 waasi wa Simba walikamata Albertville, Sendwe akauawa humo, na mwisho wa Agosti jeshi la serikali na mamluki wa Mike Hoare wakairudisha.

Katanga ya Tshombe ilikufa Januari 1963. Hesabu mwenyewe: miaka miwili na nusu. Kwa muda huo mfupi, alama ngapi za kofia zingeweza kutengenezwa? Si nyingi. Tena watu wa Ulaya na Marekani wanaokusanya vitu vya vita wanatafuta sana vitu vya Katanga na vya mamluki. Kitu kichache, kinachotakwa na wengi, chenye bei ya juu: hapo ndipo mafundi wa bongo wanaamka. Mimi nikionyeshwa alama kumi za jandarmeri ya Katanga katika mfuko mmoja, zote zinang'aa sawasawa, sihitaji hata kuzishika.

Sasa njia ya kwanza, isiyolipisha hata franka: kusoma herufi. Kila utawala uliandika jina lake. Tangu 1885 mpaka 1908 nchi ilikuwa État Indépendant du Congo. "Congo Belge" ilianza 1908. Alama yenye "Congo Belge" ambayo muuzaji anasema ni ya vita za Waarabu, zile za 1892 mpaka 1894, imejihukumu. Jeshi lilikuwa FP mpaka 1960, ANC kuanzia 1960, FAZ baada ya Mobutu kubadilisha jina la nchi mwaka 1971, FAC tangu Mei 1997, na FARDC tangu serikali ya mpito ya 2003. Maneno ya taifa pia yanageuka. Wabeleji waliandika "Travail et Progrès". Zaïre iliandika "Paix, Justice, Travail". Katiba ya 2006 imeweka "Justice, Paix, Travail", haki mbele ya amani, pamoja na kichwa cha chui, pembe ya ndovu na mkuki. Watengenezaji wa bongo wanachanganya hayo mara nyingi, kwa sababu wengi wao wananakili picha bila kusoma.

Njia ya pili ni macho na vidole. Medali ya serikali inagongwa: kipande cha chuma kinawekwa kati ya mihuri miwili migumu na kubanwa kwa nguvu nyingi. Matokeo yake, mistari ni mikali, uwanja wa nyuma ya picha ni laini, nywele za mfalme unaweza kuzihesabu kwa kioo cha kukuzia. Bongo ya kawaida inamiminwa: wanachukua medali ya kweli, wanaibana katika udongo ao katika mpira, wanamimina chuma ndani ya alama yake. Chuma kikipoa kinapungua kidogo, kwa hiyo nakala inakuwa ndogo kuliko mama yake, pengine nusu milimita tu. Uwanja unakuwa na vitobo vidogo sawa ngozi ya chungwa, herufi zimevimba kama zimelowa maji, na pembeni kuna mstari mahali nusu mbili za kalibu zilikutana, ao alama za tupa za kuuficha mstari huo. Geuza pembeni kwanza. Watu wote wanaangalia uso wa mfalme, na fundi wa bongo anajua hivyo, pembeni anachoka.

Angalia pia jinsi kinavyofungwa. Pini mbili fupi zenye vikofia viwili vinavyobanwa kwa vidole, mtindo huo ulianza kuenea wakati wa vita ya pili. Ukiukuta nyuma ya "alama ya Tabora 1916", funga mazungumzo.

Halafu uchakavu. Kitu kilichovaliwa na kusuguliwa kinaliwa mahali palipoinuka: pua, paji la uso, ncha za nyota. Kwenye mabonde giza linabaki. Fundi wa bongo anazeesha kwa asidi ya betri, ao anazika katika samadi wiki kadhaa, na giza lake linakuwa sawa kila mahali, ao linatoka ukisugua na kidole chenye mate. Pete ya kuning'iniza inasema zaidi: kama medali ilining'inia miaka mingi, pete na tundu vimelana. Medali iliyochakaa yenye tundu jipya ni kama mzee mwenye viatu vya mtoto.

Njia ya tatu inataka mizani, na kwetu mizani haikosi. Wanunuzi wa dhahabu wanazo, wa kasiteriti vilevile. Sumaku ya spika ya zamani ije kwanza: fedha na bronzi haziivuti hata kidogo. Ikishika, ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Isiposhika, bado hujamaliza, kwa sababu zamaki, ule mchanganyiko wa zinki unaotumiwa kwa vitu vya bei rahisi, nao haushiki sumaku. Fanya hivi. Toa utepe. Pima medali, tuseme umepata gramu 24. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga medali na uzi mwembamba, iteremshe ndani ya maji bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe, na usome. Kama mizani inasema 2.8, gawanya 24 kwa 2.8: unapata 8.6 hivi, na hiyo ni bronzi. Kama inasema 3.6, unapata 6.7, na hiyo ni zamaki, hata ikipakwa rangi gani. Fedha inakaribia 10, na alumini ni 2.7. Mtu wa mizani atakucheka mara ya kwanza. Mara ya pili atataka kujua.

Kwa vitambaa, waendeeni wabadilishaji wa dola. Ile taa yao ndogo ya zambarau inayochunguza noti inafanya kazi hata kwa nguo. Dawa za kung'arisha weupe zilienea katika nyuzi na katika sabuni baada ya vita ya pili, na chini ya taa ile zinawaka bluu. Utepe unaosemwa kuwa wa 1916 ukiwaka sawa shati la harusi, kuna shaka. Lakini shaka tu! Mama aliyefua utepe wa mzee na Omo ameuwasha yeye mwenyewe. Hapo chukua uzi mmoja kutoka mwisho uliofumuka, uchome: pamba inaacha majivu na harufu ya karatasi, poliesta inayeyuka na kuwa kishanga kigumu cheusi. Poliesta ilienea kuanzia miaka ya 1950, basi haiwezi kuwa ndani ya kitu cha Tabora. Bado kuna sababu nzuri moja: utepe unaoza, na wazee wengi waliweka mwingine. Utepe mpya hauui medali ya zamani.

Medali za ONU zina hila yao. Medali ya chuma ni ileile kwa misheni karibu zote. Inayotofautisha ni rangi za utepe. Kwa hiyo mtu anaweza kuchukua medali aliyoachiwa na mwanajeshi wa MONUC, ya miaka ya 2000, akaishonea utepe wa Congo ya 1960, na kuiuzisha kuwa "ya Niemba". Chuma ni cha kweli, utepe ni wa kweli, bongo iko katika ndoa yao.

Sasa nifike mahali panapotuhusu sisi kuliko wote. Novemba 2002, mapigano ya Ankoro kati ya jeshi la serikali na Mai-Mai yaliua watu wengi na kuunguza maelfu ya nyumba. Karatasi ziliungua. Livre za kijeshi, picha, barua za kikosi, vyote vilikwisha. Kilichobaki ndani ya majivu ni chuma. Na chuma kilichopita motoni kinaonekana vibaya: rangi ya zamani imetoka, kuna magamba meusi na mabaka mekundu, pete imelegea, utepe hauko. Mnunuzi anayejua vitabu tu atasema ni bongo, ao atasema hivyo ili ashushe bei. Msikubali haraka. Bronzi inayeyuka karibu na digrii 950, fedha vilevile, na moto wa nyumba ya nyasi na miti kwa kawaida hauifikishi kuyeyuka. Zamaki inayeyuka kwenye digrii 390 hivi. Basi kitu kilichotoka katika majivu ya nyumba na bado kina uso wa mfalme na herufi kali, kinashuhudia chenyewe kwamba si cha zamaki. Pima mizani, kisha mwambie mnunuzi namba. Kwa maoni yangu, medali zilizoungua za Ankoro zinastahili kubaki vilevile zilivyo, na magamba yao. Moto huo nao ni historia yake.

Vitu vya Katanga vinahitaji neno la pekee, na hapa siongei juu ya bei. Machi 23, 2013, wapiganaji wa Kata Katanga waliingia Lubumbashi na bendera ya misalaba mitatu, baada ya kutesa vijiji vya Manono, Mitwaba na Pweto. Tangu hapo alama hiyo si kitu cha kabati tu. Askari wa kizuizi akikuta alama ya jandarmeri mfukoni mwako hatapima kama ni ya 1961. Atauliza wewe ni nani. Tena sheria inakataza kuvaa ao kutumia alama za jeshi bila haki, na za FARDC kuliko zote. Kama familia yako ina alama ya namna hiyo, iache nyumbani, usiivae kwa mchezo, usiisafirishe kwa ajili ya mnunuzi asiyejulikana. Na msifikiri kwamba kuwa nayo kunaonyesha nkambo alikuwa wa Tshombe. Kwetu, alama nyingine za jandarmeri ziliingia katika nyumba kwa kuokotwa ao kunyang'anywa katika vita. Alama moja inaweza kuwa imevaliwa na adui. Njo maana tunauliza: nani aliileta, mwaka gani, kutoka wapi?

Swali hilo ni zito kwa sababu ingine. Medali za Ubeleji zilitolewa bila jina la mtu. Waingereza waliandika jina pembeni ya medali zao nyingi za vita. Wabeleji hawakufanya hivyo kwa kawaida. Kwa hiyo hata medali ya kweli kabisa haithibitishi ni ya nani. Tena Ubeleji, aliyepoteza medali yake aliweza kununua ingine kwa mtengenezaji, basi kuna medali zisizo bongo lakini zilizotengenezwa miaka mingi baada ya vita. Kinachounganisha chuma na mtu ni namba yake ya matrikule, karatasi, picha akiwa ameivaa, na maneno ya wale waliomjua. Mtu akija kuuzisha medali akisema italeta pensheni kutoka Brussels, mfukuzeni kwa adabu. Medali ya kumbukumbu ni kumbukumbu. Haki ya malipo inafuata utumishi wa mtu mwenyewe na karatasi zake, haihamii kwa mnunuzi wa chuma.

Tarehe 8 Juni 2022, huko Kinshasa, mfalme Philippe alimvika nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyefika mpaka Birmania. Hapo hapakuwa na shaka yoyote: mwenyewe alikuwa hai, na kifua kilikuwa chake. Wazee wetu waliotoka Saïo hawapo tena wa kuulizwa, lakini watoto wao wachache wapo, na wanazeeka.

Kwa hiyo komite inaomba hivi. Mwenye kitu alete kwenye mkutano, ao kama safari ni hatari, alete picha: mbele, nyuma, na pembeni, pamoja na rula ya mtoto wa shule ndani ya picha ili ukubwa uonekane. Mwandishi wetu ataandika katika buku uzito, vipimo, herufi zote hata zilizofutika nusu, na hadithi ya kitu vile familia inavyoijua, pamoja na jina la aliyeisimulia. Tunaandika hata kama mizani inasema ni bongo, kwa sababu familia ingine ilinunua kweli nakala huko kambini ili kujaza nafasi ya ile iliyopotea njiani, na hilo nalo liandikwe vilevile. Kitu kinarudi nyumbani siku hiyo hiyo na mwenyewe; chama hakiweki wala hakinunui.

Na tafadhali, mama zangu na dada zangu: msisugue na majivu, mchanga wala limau mbele ya kuleta. Kung'aa kwake kunafuta yale yote tunayotaka kusoma.